Nginx, Apache ao Caddy: nilichojifunza na application ya masomo hapa Lubumbashi

Vijana wengi wanaoanza kutumika na mambo ya web hapa kwetu wananiulizaka swali moja: yaya, tuweke Nginx ao Apache (zile programu za seva zinazopokea maombi ya watu na kuwarudishia kurasa)? Na mara nyingi wanakuja na jedwali fulani, linasema huyu anajibu maombi elfu ngapi kwa sekunde na yule elfu ngapi. Mimi jedwali zile sizifuati. Majaribio ya namna ile karibu yote yanafanywa na mashine mbili zenye mbio, zimeunganishwa kwa kebo ndani ya chumba kimoja, na mzazi wa mtaa wetu wa Katuba hayuko ndani ya kile chumba. Yeye eko na telefone ya bei ya chini, rezo inapanda inashuka, na mega alizonunua asubuhi zinakaribia kuisha. Yeye njo mtu seva yako itamhudumia, kwa hiyo kama hujaangalia yeye anafikaje kwako, bado hujawa na kitu cha kuchagulia.

Natumika na application moja ya masomo, wazazi wanalipia mule minervali, wanatuma picha ya bordero ya benki, na mwisho wa mwaka wanaangalia pointi za mtoto na kushusha biletini. Imeandikwa na PHP, ndani ya Laravel, database ni MariaDB, na seva ni ya kukodi, iko Ulaya, memori GB 2. Nilipopewa kazi ya kuichunga ilikuwa imeshawekwa na kampuni ingine, wameweka Apache na mod_php (PHP inayokaa ndani ya Apache yenyewe) vile inavyokujaka yenyewe. Siku za kawaida ilikuwa inaenda vizuri kabisa. Shida ilionekana paka siku ya proklamasio, ile ya kutangaza pointi, Julai, wakati mitaa yetu ya Kenya, Ruashi, Kampemba, Bel-Air, wote wanafungua kwa saa moja.

Prefe wa somo moja akanipigia simu. "Mwanangu, bazazi beko huku kwa mulango, banasema saiti haifunguke, tubaambie nini?" Nikamjibu, "Papa prefe, mubaombe bangojee kidogo, niko ndani naangalia." Na kweli nilikuwa ndani, na kile nilichokiona kilinishangaza, juu prosesa ilikuwa imepumzika. Ukiangalia unasema hii mashine haina kazi. Lakini memori imejaa, swap (sehemu ya diski inayosaidia memori) imejaa, na Linux imeanza kuua programu ili ijipatie nafasi, na ya kwanza kuuawa ilikuwa MariaDB yenyewe, sababu njo ilikuwa imechukua memori nyingi kuliko zote.

Apache iko na ukurasa wake wa hali, server-status, unatoka kwa moduli ya mod_status. Kama unatumia Apache na hujaufungua bado, ufungue leo (lakini uufungie IP yako peke, usiuache wazi kwa dunia yote). Unakuonyesha kila prosesi na herufi yake: R inasoma ombi, W inatuma jibu, K imeshamaliza lakini inangojea kama mteja ataomba kitu kingine. Siku ile ukurasa ulikuwa umejaa W, mistari na mistari ya W. Maana yake PHP ilikuwa imeshamaliza kazi yake zamani, pointi zimeshatoka kwa database, biletini imeshatengenezwa, kilichobaki ni kuisukuma mpaka kwa telefone, na telefone inaipokea polepole.

Fanya hesabu uone. Biletini ya PDF ya kilobaiti 600, rezo inapitisha kilobiti 100 kwa sekunde, ile ni sekunde 48 za kushusha. Kuitengeneza ilichukua milisekunde 200. Sasa na mfumo wa prefork, ule mod_php ya kawaida inauomba, koneksio moja inashika prosesi moja nzima, na PHP yote imebebwa ndani yake. Ni kama kesie wa benki ambaye hawezi kuita mtu mwingine mpaka yule aliye mbele yake amalize kuhesabu faranga zake mara mbili na kuzifunga kwa kitambaa, ijapokuwa kazi ya kesie imeisha zamani. Kwetu prosesi moja ilikuwa inakula kama megabaiti 45. Prefork, usipoigusa, inaruhusu mpaka prosesi 256, na 256 mara 45 ni zaidi ya GB 11. Mashine iko na 2. Haihitaji mtu wa kukushambulia, wazazi wako wenyewe na rezo ya polepole wanatosha. Na mashambulizi ya aina hii yanajulikana tangu 2009, yanaitwa Slowloris, mtu anafungua koneksio nyingi na kutuma kidogo kidogo makusudi ili asiiachilie seva. Wazazi wetu walikuwa wanafanya kitu kinachofanana bila nia yoyote mbaya.

Dawa ya haraka saa ile ilikuwa kushusha MaxRequestWorkers (hesabu ya prosesi zinazoruhusiwa) mpaka 25 ili mashine isife, na kuzima KeepAlive ili zile K zisikalie nafasi bure. Wengine wakangojea kwa mstari lakini angalau wakafika. Kiisha proklamasio nikakaa chini kuangalia chaguo vizuri.

Apache ilianza 1995, ilitoka kwa seva ya zamani ya NCSA, wakati ule web yote ilikuwa ndogo na kumpa kila mteja prosesi yake haikuwa shida. 1999 Dan Kegel akaandika juu ya tatizo la koneksio elfu kumi, kwamba mashine zimeshakuwa na nguvu ya kuhudumia watu elfu kumi kwa wakati mmoja lakini programu njo zinazuia. Igor Sysoev, Mrusi aliyekuwa anatumika Rambler, akaanza kuandika Nginx 2002 na akaitoa kwa watu wote 2004. Yeye alipanga kinyume: prosesi chache tu, kwa kawaida moja kwa kila kiini cha prosesa, na kila moja inasimamia koneksio maelfu, inaiuliza kernel (moyo wa Linux) nani eko tayari, inamtumia kipande, inaenda kwa mwingine. Aliye polepole hashiki mtu. Waandishi wa Nginx wanasema koneksio 10,000 zilizokaa bila kazi zinakula kama megabaiti 2.5 za memori. Wewe linganisha na zile 45 za mteja mmoja.

Na kuko kitu kingine ambacho jedwali za mbio hazikionyeshi hata kidogo, na kwangu mimi njo sababu kubwa kuliko zote. Nginx ikikaa mbele ya PHP-FPM (PHP inayotumika peke yake, nje ya seva ya web), inapokea jibu lote kutoka kwa PHP haraka haraka, inaliweka kwa memori, ikijaa inaliandika kwa diski, inaiachilia PHP iende kuhudumia mwingine, halafu yenyewe njo inabaki na mzazi sekunde zake 48. Kwa upande wa kupokea ni vile vile: mzazi anatuma picha ya bordero, inapanda polepole dakika nzima, Nginx inaikusanya mpaka iishe ndipo inaipa PHP mara moja. Kwa hiyo PHP haioni tena rezo yetu, inaona tu jirani yake aliye na mbio. Kama unatumia Python na Gunicorn (seva ya application za Python) ni hivyo hivyo, na watu wa Gunicorn wenyewe wanaandika kwa maelezo yao kwamba uiweke nyuma ya proxy, yaani seva inayokaa mbele yake, wanapendekeza Nginx.

Sitaki mtu asome hapa afikiri Apache ni kitu cha kizee, hapana. Tangu toleo 2.4 la 2012 iko na mfumo wa event (mteja anayengojea hashiki prosesi nzima), na ukitoa mod_php ukaweka PHP-FPM, ile shida ya W inapungua sana, na watu wengi wanaosema Apache nzito wanasemaka paka juu ya prefork. Kama timu yako inaijua Apache vizuri, bakieni nayo, badilisheni mfumo tu. Na kama uko kwa hosting ya kushirikiana, ile ya dola chache kwa mwezi na cPanel, mara nyingi huchagui chochote, ni Apache ao LiteSpeed, na LiteSpeed ya kulipia inasoma zile faili za .htaccess (faili ndogo za sheria ndani ya folda) kama Apache, kwa hiyo application haijui hata imehama. Pale usipoteze usingizi wako.

Sisi tulienda Nginx kwa sababu ya memori. Sasa .htaccess, hapa naomba usome polepole. Apache inaangalia .htaccess ndani ya kila folda kwa kila ombi, mahali ambapo imeruhusiwa, na watu wengi wanaficha mule ulinzi: folda hii isifunguliwe, faili hii isisomwe. Nginx haisomi .htaccess kabisa. Haitakuambia hata neno, inaipita tu, na ulinzi wako wote uliokuwa mule umeisha. Application yetu ilikuwa na folda ya bordero iliyolindwa na mstari mmoja wa .htaccess, picha zina majina ya wazazi na namba za konti. Kwa hiyo mbele ya kuhamisha nilitafuta kila .htaccess kwa mradi wote, nikaandika kila sheria upya ndani ya configi ya Nginx, halafu nikatoka nje, na curl (amri ya kuomba faili bila browser) kutoka kwa mashine ingine kabisa, nikaomba zile faili moja moja kama mtu mbaya angeomba. Faili ya .env pia, sababu njo iko na paswedi ya database. Mpaka zote zijibu 403 ao 404 (imekatazwa ao haipo) hatukufungua kwa watu. Usiseme mimi niko na Laravel na root yangu (folda ambayo seva inaanzia) inaelekea folda ya public, niko salama, angalia tu.

Mengine ni madogo lakini yanasumbua. Nginx inakataa kitu chochote kinachozidi megabaiti 1 kama hujaiambia, inajibu 413, na picha ya telefone ya leo inapita pale kirahisi. Unapandisha client_max_body_size, lakini PHP nayo iko na mipaka yake, upload_max_filesize inakuja na megabaiti 2, kwa hiyo ukipandisha moja na kuacha ingine mzazi ataona kosa lingine tu. Tukaweka 8 kwa Nginx, tukapandisha zile za PHP nazo, na kwa telefone yenyewe tukapunguza picha mbele haijatumwa, na hii ya mwisho njo ilisaidia sana kuliko zote juu mega ni pesa ya mzazi.

Kwa PHP-FPM hesabu ni ya lazima, usikopi namba ya mtu. GB 2, toa ya MariaDB, toa ya mfumo, kwetu ilibaki kama megabaiti 1,100, gawa kwa 45, inakuja 24, tukaweka pm.max_children (hesabu ya prosesi za PHP) 20 ili pumzi ibaki. Ishirini inaonekana kidogo, kijana mmoja akaniambia yaya ishirini haitoshi kwa wazazi wote hawa. Inatosha, sababu sasa kila mmoja anashikwa kwa milisekunde 200 peke, ishirini ni karibu majibu mia kwa sekunde.

Kompresio: kwa Debian na Ubuntu, gzip ya Nginx imewashwa lakini orodha ya aina za faili imezimwa na alama ya maoni, kwa hiyo inabana HTML peke. JSON, CSS, JavaScript, zote zinaenda na uzito wao wote. Application nyingi za sasa zinatuma JSON kuliko HTML. Toa alama, weka aina zako, reload. Na faili zenye jina linalobadilika kila toleo uzipe muda mrefu wa kukaa kwa telefone, mzazi asizishushe tena kila siku.

Kitu nilichokipenda sana kiisha kuhama ni namba 499 ndani ya log. Si namba ya HTTP rasmi, Nginx njo iliitunga, inamaanisha mteja ameondoka mbele hujamjibu. Kwangu zile ni wazazi waliochoka kungojea. Nilizipanga kwa ukurasa na kwa saa, na zikanionyesha ukurasa mmoja wa historia ya malipo, ulikuwa unauliza database mara nyingi sana kwa mtoto mmoja. Hakuna seva ya web itakayokutengenezea ile, ilibidi kurudi kwa kodi. Watu wanahamisha seva, wanabadilisha programu, wanalipa memori zaidi, na ugonjwa uko ndani ya query. Log iko pale, isome.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, usipime na ab ao wrk (programu za kupima mbio) kutoka kwa mashine iliyo karibu. Linux iko na tc na netem, unaweza kuiambia rezo yako ichelewe milisekunde 400 na ipitishe kilobiti 256 tu kwa sekunde, halafu fungua koneksio mia mbili za namna ile. Pale njo prefork na Nginx zinaachana, na utaona kwa memori, si kwa mbio. Tena chukua telefone ya kawaida, nenda mahali penye watu wengi kama Carrefour jioni wakati watu wote wako kwa rezo, fungua application yako, ulipe minervali mpaka mwisho. Hakuna jedwali litakalokupa kile utakachoona pale.

Caddy niliichagua kwa kazi ingine, somo dogo la Likasi ambalo halina mtu wa kuchunga seva kila siku. Matt Holt aliitoa 2015, imeandikwa na Go, ni faili moja, unaandika jina la domeni na mahali application iko, mistari mitatu ao minne, na cheti cha HTTPS inajitafutia na kujirudilia yenyewe. Hii ni kitu kikubwa. Vyeti vya Let's Encrypt vinakaa siku 90, na tangu Juni 2025 hawatumi tena email ya kukumbusha kwamba cheti kinaisha, kwa hiyo kama certbot yako (programu inayorudilia vyeti) imekwama kimya kimya, mtu wa kwanza kujua ni mzazi anayeona onyo jekundu na kufikiri ni wezi. Kwa Nginx tunatumia certbot na iko sawa, lakini tumeweka kitu cha pembeni kinachoangalia tarehe ya cheti kila asubuhi na kututumia ujumbe. Caddy inakula memori kidogo zaidi ya Nginx, kwa somo dogo ile si kitu. Sekretere wa kule anajua amri mbili tu, kuangalia kama inaenda na kuisoma log, na anatosha.

Reload pia iangalie. Malipo ya Mobile Money yanaweza kuwa katikati wakati unabadilisha configi. Nginx ukifanya nginx -t kwanza (inaangalia kama configi haina kosa) halafu reload, prosesi za zamani zinamaliza wateja wao ndipo zinaondoka, mpya zinapokea wanaoingia, hakuna anayekatwa. Usifanye restart mchana. Kwa timu yetu hii ni sheria, na nginx -t inaandikwa mbele kila mara hata kama umebadilisha herufi moja.

Proklamasio iliyofuata hatukuiachia PHP kazi yote. Usiku wa mbele, kiisha ma prefe kuthibitisha pointi, tunatengeneza biletini zote na kuziweka kama faili za kawaida, Laravel inaangalia tu kama huyu mzazi eko na haki, inamjibu Nginx kwa kichwa cha X-Accel-Redirect, na Nginx njo inatuma PDF. PHP inashikwa milisekunde chache, folda inabaki imefungwa kwa watu wa nje. Simu za ma prefe siku ile zilikuwa za paswedi zilizosahaulika.

Sasa tunaangalia kuhamisha seva kutoka Ulaya kwenda Johannesburg, juu kutoka hapa ni kama kilomita 1,600, na Paris ni zaidi ya 7,000, na kila ukurasa unaenda na kurudi mara kadhaa mbele haujafunguka. Lakini umbali wa ramani si njia ya kebo, kwa hiyo tunapima kwa kila operateri, asubuhi, saa sita na jioni, na mara ingine mmoja anapitisha yote Ulaya kwanza ndipo inarudi Afrika Kusini. HTTP/3 (namna mpya ya browser na seva kuongea) nayo tumeiwasha kwa Caddy ya Likasi, kule inakuja yenyewe tangu toleo 2.6, tumefungua tu mlango wake, UDP 443. Kwa Nginx bado tunangojea, kwanza tuone zile 499 za Likasi zinasema nini mpaka Julai.